Unataka kukaa barazani kucheza karata kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujenda

Kuna vijana wengi wamehamia mjini hapa Unguja, wengine wametoka bara kuja kufanya kazi, wengine ni wa hapa hapa ila wamekulia nje wamerudi wakubwa, na kila jioni wanapita mbele ya baraza wanaona watu wamekaa wanne wanabamiza karata, kelele juu, kahawa inazunguka, wanatamani kukaa lakini hawajui waanzie wapi, basi wanapita zao na simu mkononi. Hili linaniuma kwa kweli. Baraza ndo pahala pa kujuana hapa kwetu, msiba ukitokea unapata habari pale, nyumba ya kukodi unaipata pale, fundi wa kweli utaelekezwa pale, na anaeikosa baraza anaweza akakaa mtaa mmoja miaka na jirani yake hamjui jina. Kwa hivo nataka nieleze tangu mwanzo mtu afanye nini, kwa sababu mambo yenyewe si magumu, ila hakuna anaekaa chini akakwambia.

Kwanza kama karata umezijulia kwenye simu kwa kucheza poka, yale uliyoyazoea yaweke pembeni. Poka kila mtu yuko peke yake, anaweka pesa, anawatisha wenzake hata kama mkononi hana kitu. Barazani mchezo unaopendwa na wazee ni wahedusitini, mnakaa wanne, wawili kwa wawili, mwenzio yuko mbele yako mnatazamana na wapinzani wako kulia na kushoto kwako. Ukishinda mmeshinda nyote wawili, ukiharibu umemuharibia na yeye. Hapa ndo pana kila kitu, yaani ukilishika hili moja kwamba unacheza kwa ajili ya mwenzio, mengine yote yatakuja yenyewe.

Na hakuna pesa. Narejea tena, hakuna pesa. Kamari ni haramu na baraza ya watu wenye heshima zao hawaitaki, sasa mgeni ukifika ukauliza "tunaweka shingapi" umeshajiharibia jina kabla hata hujakaa. Wanachoshindania ni kubaki kwenye jamvi, wanaofungwa wanainuka na wengine waliokuwa wakisubiri wanakaa, basi. Ukifika pahala ukaona pesa zinatembea chini ya jamvi, kunywa kahawa yako uage uondoke, tafuta baraza nyengine.

Baraza ipi? Watu wengi mawazo yanawapeleka Jaws Corner kwa sababu ndo wanayoijua, pale Mji Mkongwe, pana kahawa na watu kila siku. Pazuri, mie napapenda, lakini si pahala pa siku ya kwanza. Pana watu wengi wanaopita na pana siasa nyingi, na siasa za kwetu unazijua, Jaws Corner inajulikana ni ya upinzani na Kisonge kule Michenzani inajulikana ni ya CCM, wewe mgeni hujui nani yuko wapi, neno moja tu la kijinga juu ya uchaguzi na hali ya hewa imechafuka. Anza na baraza ya mtaani kwako, ile iliyo karibu na msikiti unaosali au duka unalonunua mkate asubuhi, kwa sababu nyuso zao umeshazizoea na wao wako wameshauzoea, hata kama hamjawahi kusemeshana. Kama kuna mmoja unaemjua basi mwambie mapema, "kaka, nataka siku moja nije nikae na nyinyi", yeye akakuingiza ni bora mara kumi kuliko kwenda mwenyewe. Walioko Pemba, Wete au Chake au popote, mambo ni hayo hayo ila kule watu wanajuana zaidi, tegemea kuulizwa kwenu wapi na wewe mtoto wa nani kabla hujagawiwa karata hata moja, jibu vizuri na kwa utulivu, hawakuchunguzi kwa ubaya, wanatafuta pa kukuweka.

Wakati mzuri ni baada ya laasiri au baada ya isha. Usije magharibi inakaribia, utakuta watu ndo wanainuka kwenda kutia udhu na utabaki umekaa peke yako na paka. Ramadhani usiku baraza zinajaa baada ya tarawehe watu wanacheza mpaka daku, raha yake kubwa, lakini kwa anaeanza siishauri, kuna foleni ya watu wanaosubiri nafasi na hakuna atakaekuwa na subira ya kukufundisha. Nenda mwezi wa kawaida, siku ya kawaida.

Ukifika toa salamu kwa wote, assalaam alaykum, halafu mpe mkono mmoja mmoja ukianza na wazee, na mzee umpe shikamoo yake hata kama amekaa pembeni hachezi, hasa huyo aliekaa pembeni, kwa sababu mara nyingi ndo mwenye baraza. Mwenye karata mkononi usimlazimishe kupeana mkono, msalimie kwa mdomo tu, mkono atakupa mchezo ukisha. Halafu kaa. Usiombe kucheza. Kaa uangalie.

Na hapa pa kukaa napo pana elimu yake. Mgeni anapenda kukaa nyuma ya mchezaji ili aone karata, na ndo kosa kubwa, kwa sababu jamaa akilamba ree, yaani ile A yenye thamani kuliko zote, wewe macho yanakutoka, na mpinzani aliekaa mbele hatazami karata, anakutazama wewe, keshajua. Nimeona watu wakiombwa kwa heshima wahame, na wengine wakiombwa bila heshima. Kaa ubavuni, baina ya wachezaji wawili, utazame zile zinazoanguka chini. Na kama kwa bahati umeona karata ya mtu, funga mdomo, usigune, usitikise kichwa, usiseme "ah ungetoa ile". Anaetazama hana sauti mpaka mchezo uishe.

Muuza kahawa atapita na mdila wake anagonganisha vikombe, na siku ya kwanza karibu hakika mtu atasema "mpe na huyu". Pokea, sema ahsante, kunywa, usianze kubishana kulipa. Zamu yako itakuja siku ya pili au ya tatu, hapo unalipia wewe kahawa na kashata za wote waliokaa. Ila kama unataka watu wakukumbuke kwa wema, njoo na pakiti mpya ya karata. Karata za barazani zinachakaa haraka kwa kule kubamizwa, utakuta nyengine kona imekatika mpaka kila mtu anaijua kwa mgongo kwamba ile ni seti, yaani saba, ya kopa, sasa ukitoa pakiti mpya ukaiweka pale kimya kimya bila maneno mengi, hakuna mzee asiefurahi.

Sasa mchezo wenyewe, na hili ujifunze nyumbani kabla ya kwenda, usiende kulisomea pale. Aina ni nne, shupaza, kopa, pau na uru. Nane, tisa na kumi zinatolewa, katika pakiti ya 52 zinabaki 40, na pengine wanatoa na nyengine ndogo, utauliza. Zenye thamani ni tano tu katika kila aina. Ree ina 11, seti yaani saba ina 10, halafu wazungu, mzungu wa nne ndo mfalme ana 4, mzungu wa tatu ndo ghulamu ana 3, mzungu wa pili ndo bibi ana 2. Nguvu zao zinakwenda hivo hivo, kwa hivo ghulamu anamla bibi na seti inamla mfalme, na hapa ndo watu wa poka wanapochanganyikiwa, wanamtoa mfalme kwa kujiamini seti inamchukua. Zilobaki ni magarasa, hazina hesabu. Piga jumla ya aina moja ni 30, mara nne ni 120, ukifika 61 umeshinda, na ndo maana ya kuitwa wahedusitini. Mkigawana 60 kwa 60 hakuna aliemfunga mwenziwe.

Juu ya yote pana turufu, ile aina moja ambayo hata garasa lake linaila ree ya aina nyengine. Usiguse karata kabla hujajua turufu ni ipi. Na kabla ya kuanza uliza mambo mawili, uulize wazi bila haya: hapa ni lazima kufuata aina iliyotolewa au mtu anatoa anachotaka, na karata tunagawiwa zote au tunalamba moja moja za kati. Kila baraza ina utaratibu wake na kuuliza hakumpunguzii mtu heshima, kinachopunguza ni kubisha katikati ya mchezo kwamba "kwetu hatuchezi hivo".

Chukua mfano. Turufu ni uru. Mpinzani wa kwanza ametoa mzungu wa nne wa kopa, mwenzio akambamizia seti ya kopa, mpinzani wa pili akatoa garasa, sasa zamu yako ya mwisho na huna kopa hata moja, mkononi una ree ya pau na garasa la uru. Anaeanza anaona uru anasema hii turufu nile mie nionekane. Hapana! Mwenzio ameshakula, hakuna baada yako wa kumpokonya. Mpe ree yako. Hesabu, 4 na 10 na 11 ni 25 kwa mkupuo mmoja, na turufu yako bado iko mkononi. Ungekula kwa turufu mngepata 14 tu, na ree yako ikabaki inasubiri kuliwa na mtu. Mzee aliekaa mbele yako akiona umemtilia ree pale atakutazama tu na atanyamaza, lakini kesho atakutaka wewe.

Kinyume chake, usifungue mchezo kwa ree isiyo ya turufu wakati turufu bado zimejaa mikononi mwa watu. Inaliwa na garasa la turufu, 11 zimekwenda. Isubirishe, itoe pale mwenzio anapokula au pale turufu zimeshapungua. Na zikumbuke zilizopita, angalau ree na seti ya turufu kama zimeshatoka au bado, ukiweza hizo mbili kwa jioni ya mwanzo inatosha kabisa. Wazee wanazikumbuka zote, karata mbili za mwisho hujazitoa yeye anakwambia ulichonacho, usishangae wala usidhani anachungulia, ni mazoea ya miaka mingi.

Karata zako zishike karibu na kifua, usizilaze ukageuka kuzungumza. Usichelewe sana kutoa, watu wanachoka, na usimtolee mwenzio ishara kama hujui hapo pahala ishara zinaruhusiwa au la, ukionekana unakonyeza utaitwa mwizi na jina hilo haliondoki upesi.

Utapigiwa kelele, hilo lijue mapema. Mwenzio ataruka "khaa, we umefanya nini hapo yakhe!" na watazamaji wote watakuwa na la kusema. Usinune na usijitetee. Mwambie "nifahamishe mzee", na akikufahamisha sikiliza, kwa sababu zile kelele zinakwisha pale pale na dakika hiyo hiyo anakwambia kunywa kahawa. Utani upo mwingi na wewe utaniwe utanie, ila mgeni asitangulie kumtania mtu mzima, subiri wao wakufungulie mlango. Adhana ikiingia karata zinalazwa chini, unyamaze, mwende mkasali, mkirudi mnaendelea.

Kina dada wanaosoma hii, najua baraza za nje ni za wanaume zaidi na sina la kuongeza hapo, lakini wahedusitini inachezwa ndani pia, ukumbini na uwani, na wapo mabibi huko ambao hao wa barazani wasingewaweza. Hesabu ni ile ile, na adabu ya kutochungulia ni ile ile.

Mazoezi ya nyumbani: chukua pakiti, toa nane tisa na kumi, geuza karata moja moja huku unajumlisha kwa sauti mpaka ufike 120 bila kusita. Ukiweza kuhesabu rundo la karata zilizoliwa haraka watu watakupa kazi ya kuhesabu hata kabla hujacheza, na hiyo ni njia nzuri sana ya kuingia.

Inawezekana siku ya kwanza usiitwe kabisa. Ni kawaida. Aga kwa salamu, kesho yake rudi wakati ule ule, na siku nyengine tena, kwa sababu siku moja patakosekana mtu wa nne na watageuka kukutazama. Akikuuliza mtu kama unaijua wahedusitini, mwambie hesabu naijua ila na nyinyi sijawahi kucheza, atakupanga na mwenza anaekufaa na atakwambia ukae upande gani.