Kusanifu spika ya nyumbani ya daraja la juu, kuanzia sauti ya pembeni

Anayeanza kusanifu spika kwa kawaida hukimbilia twita (kipaza kidogo cha sauti nyembamba) ya bei kubwa. Mimi huanza na swali: sauti inakwendaje pembeni? Inayotoka mbele hufika sikioni kwanza, lakini ile ya pembeni hugonga kuta na dari, ikarudi kuchanganyika nayo. Majaribio ya Floyd Toole nchini Kanada yalionyesha kwamba wasikilizaji wasioiona spika huelekea kupenda ile ambayo sauti yake haipandi wala kushuka ghafla, mbele na pembeni pia. Hapa tunasanifu spika ya njia mbili: wufa (kipaza kikubwa cha besi na sauti za kati) ya inchi 6.5 na twita ya inchi 1.

Hatua ya 1: Oanisha wufa na twita

Koni husambaza sauti kwa upana pale urefu wa wimbi unapoizidi koni yenyewe. Wufa yetu ina koni ya kipenyo cha kama sm 13. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi hulingana na koni karibu na Hz 2,600. Kuanzia hapo wufa hubana sauti kama mwanga wa kurunzi, ilhali twita katika masafa hayohayo bado inaimwaga kila upande. Ukizikutanisha kwenye Hz 3,500, pembeni utapata bonde, kisha mlima wa ghafla. Krosova, yaani saketi inayogawa masafa kati ya wufa na twita, haiwezi kulitibu hilo: ukisawazisha pembeni, unaharibu mbele.

Zikutanishe karibu na Hz 2,000. Twita iwe na Fs (masafa ambayo kipaza hutetema chenyewe kwa urahisi zaidi) isiyozidi Hz 1,000, la sivyo itakwaruza ukiongeza sauti. Bora zaidi, ikae ndani ya wevugaidi, yaani kishimo cha duara kinachopunguza mtawanyiko wake hadi ufanane na wa wufa. Hatua hii ndiyo nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Kokotoa ujazo wa kasha

Karatasi ya vipimo ya wufa ina Fs, Qts (jinsi mtetemo wa koni unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa koni), namba tulizorithishwa na wahandisi Neville Thiele na Richard Small. Kwa kasha lililozibwa:

Qtc = Qts × √(Vas/Vb + 1)

Vb ni ujazo wa kasha, na Qtc ni Q ya wufa ikiwa ndani ya kasha. Tuseme Fs ni Hz 35, Qts 0.4 na Vas lita 30. Ukilenga Qtc ya 0.707, unapata Vb ya lita 14 hivi, na besi itakuwa imeshuka dB (desibeli) 3 ifikapo Hz 62. Kasha lenye bomba la hewa litashuka chini zaidi, ila likipita hapo besi huporomoka dB 24 kwa kila oktava (kila masafa yanapopungua nusu) badala ya 12. Kama una sabufa (spika ya besi peke yake), ziba kasha.

Hatua ya 3: Jenga

Tumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 18 au zaidi, na mihimili ya ndani inayounganisha kuta zinazotazamana. Jaza sufi. Kingo za mbele zilizolainishwa kwa mm 3 ni urembo tu. Wimbi la Hz 2,000 lina urefu wa sm 17, halioni kitu kidogo kiasi hicho.

Hatua ya 4: Pima kila kipaza ndani ya kasha lake

Usitumie michoro ya kiwandani, maana hupimwa kwenye ubao wa mbele usio wako. Inua spika na maikrofoni hadi mita 1.25, viachane mita 1. Mwangwi wa sakafu utachelewa milisekunde 5 hivi. Kata kipimo kabla haujafika. Matokeo yataaminika kuanzia Hz 200 kwenda juu. Kwa chini ya hapo, sogeza maikrofoni hadi karibu iguse koni. Kisha zungusha spika na upime kila nyuzi 10 hadi 90. Inachosha, lakini bila data hizo unabahatisha.

Hatua ya 5: Sanifu krosova

Lenga mteremko wa Linkwitz-Riley (aina ya krosova ambayo wufa na twita hutetema pamoja zinapokutana) wa dB 24 kwa oktava. Mteremko huo ni wa sauti inayosikika, si wa saketi peke yake: wufa na twita huwa tayari na mteremko wao wa asili, kwa hiyo mara nyingi koili na kapasita chache zinatosha. Fidia pia upana wa ubao wa mbele wa kasha. Gawa 115 kwa upana wake kwa mita: ubao wa sm 23 unatoa Hz 500. Masafa yakishuka kupita eneo hilo, sauti huzunguka nyuma ya kasha, na mbele hupungua taratibu hadi dB 6. Mimi hurudisha 3 au 4 tu, kwa sababu kuta za chumba huongeza besi zenyewe.

Koili zisilale sambamba. Ziweke kwa pembe mraba ili sumaku zao zisiingiliane.

Mwisho, geuza nyaya za twita (chanya mahali pa hasi) na upime tena kwenye mstari wa usikilizaji uliosanifu. Ukiona shimo la kina cha dB 20 au zaidi kwenye Hz 2,000, fezi zimepatana, yaani mawimbi ya wufa na twita yanakwenda pamoja nyaya zikiwa sahihi: rudisha nyaya, kisha kagua mikondo ya pembeni. Shimo likiwa la kina kifupi au limehama, bado hujamaliza krosova.