Kuchagua moduli za faiba kwa masafa marefu: hesabu mwanga kabla ya kuagiza

Moduli, yaani kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye swichi kurusha na kupokea mwanga wa faiba, imeandikwa "80 km", njia yako ina kilomita 52. Wengi huishia hapo, wanaagiza mbili, wanachomeka na kuomba Mungu. Mara nyingine inakubali. Mimi niliacha zamani kununua kwa kilomita, kwa sababu mtengenezaji alipoandika namba ile alikuwa na faiba safi mezani. Faiba yako ina historia yake: ilikatwa na greda, ikaungwa usiku mvua ikinyesha, ikapindwa vibaya ndani ya kabati. Hayo yote yanakula mwanga, na mwanga ndio unaonunua.

Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata kila ninapopewa njia mpya.

Hatua ya 1: Ifahamu faiba yenyewe

Kwa masafa marefu ni faiba ya singo modi tu, ile yenye kiini chembamba kinachopitisha mwanga kwa njia moja. Nyingi iliyotandikwa ni ya aina ya G.652D, ambayo hupoteza takriban desibeli 0.35 (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea) kwa kilomita kwenye nanomita 1310, yaani urefu wa wimbi la mwanga, na kama 0.22 kwenye 1550. Ndiyo maana moduli nyingi za mbali hurusha kwenye 1550.

Omba ripoti ya OTDR, kifaa kinachorusha mwanga ndani ya faiba na kuonyesha urefu wake na mahali unapopotea. Usikubali urefu uliopimwa kwa ramani ya barabara, kwa kuwa faiba huwa ndefu kuliko njia yake: kila shimo la kuungia lina mzunguko wa akiba. Kama unaweza, pima mwenyewe kwa chanzo cha mwanga upande mmoja na mita ya mwanga upande wa pili, kwenye nanomita zilezile utakazotumia. Kipimo cha 1310 hakikwambii kitu cha maana kuhusu 1550, maana mkunjo mkali unaopita kimyakimya kwenye 1310 unaweza kuumiza sana kwenye 1550.

Hatua ya 2: Kasi na tundu

Hii ni fupi. Aina za moduli hutajwa kwa umbo na kasi (giga ni gigabiti kwa sekunde): SFP ni ya giga 1, SFP+ ni ya 10, SFP28 ni ya 25, QSFP28 ni ya 100. SFP na SFP+ zina umbo moja, kwa hiyo moduli ya giga 10 itaingia vizuri kabisa kwenye tundu la giga 1 na haitafanya kazi. Soma maelezo ya swichi za pande zote mbili kabla hujaendelea.

Hatua ya 3: Hesabu ya mwanga

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuchukue njia ya kilomita 52 kwa giga 10, kwenye 1550.

Upotevu wa faiba: 52 × 0.22 = desibeli 11.44. Kebo ilikuja kwa roli za kilomita 4, yaani roli 13, kwa hiyo kuna viungo 12 njiani na viwili vya mwisho kwenye makabati, jumla 14. Kila kimoja nakipa 0.1, napata 1.4. Fundi mzuri huunga kwa 0.05 au chini ya hapo, lakini mimi sihesabu kwa fundi mzuri. Konekta nne, kila moja 0.5, ni desibeli 2. Jumla: 14.84.

Ongeza akiba ya desibeli 3. Faiba itakatika siku moja na kuungwa tena, konekta zitachakaa, lesa itazeeka. Sasa tunahitaji 17.84.

Geukia karatasi ya vipimo ya moduli. Tafuta namba mbili: mwanga wa chini kabisa ambao kirushi kinaahidi kutoa, na mwanga wa chini kabisa ambao kipokezi kinaweza kusoma. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Usitumie namba ya kawaida inayoandikwa katikati ya jedwali. Tumia ile mbaya kuliko zote, kwa sababu huenda ndiyo utakayoletewa.

Moduli ya ER, ile inayouzwa kama ya kilomita 40, hutoa angalau -4.7 dBm (dBm ni nguvu ya mwanga kwa desibeli, 0 ikiwa miliwati 1) na husoma hadi -15.8 dBm. Tofauti ni 11.1. Haitoshi, wala haikaribii. Na hata hizo kilomita 40 zina masharti: kiwango cha IEEE 802.3ae cha mwaka 2002 kinaipa ER kilomita 30 kwenye njia ya kawaida, na 40 kwenye njia iliyothibitishwa kwamba upotevu wake ni mdogo. Wauzaji wengi hawasemi hilo.

Moduli ya ZR, ile ya kilomita 80, hutoa kuanzia 0 dBm hadi +4, na husoma hadi karibu -24, ikitofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji. Tofauti ni 24. Toa 17.84, zinabaki desibeli 6 na ushee juu ya akiba yetu. Hiyo ndiyo moduli.

Ukishazoea, hesabu hii haichukui dakika kumi. Kumbuka tu kwamba desibeli 3 ni nusu ya mwanga, na 10 ni sehemu moja ya kumi. Mtu akikwambia "zimepungua desibeli tatu tu", amekwambia nusu imepotea.

Hatua ya 4: Hakikisha mwanga hauzidi

Wanaokosea hapa ni wengi kuliko wanaokosea kwenye hatua ya tatu, na kosa hili linaniuma kwa sababu linaharibu vifaa vizima. Niliwahi kuitwa kwenye njia ya kilomita 9 iliyokuwa ikianguka na kuinuka mchana kutwa. Muuzaji alikuwa amewashauri wachukue ZR "ili wawe na nguvu ya kutosha". Nilipofungua usomaji wa kipokezi nikaona -2.1 dBm, huku karatasi ya vipimo ikisema mwisho wa juu wa kipokezi ni -7. Makosa ya CRC, yaani data iliyofika imeharibika, yalikuwa yakipanda kila ninapoangalia. Kipokezi kilikuwa kama mtu aliyemulikwa taa ya gari usoni: mwanga tele, haoni kitu. Tuliweka LR za kilomita 10 pande zote mbili na njia ikatulia. Moja ya zile ZR haikupona tena.

Kwa hiyo fanya hesabu ya pili kwa kugeuza namba: mwanga wa juu kabisa wa kirushi, toa upotevu halisi bila akiba. Kwa njia yetu ya kilomita 52 ni +4 kutoa 14.84, sawa na -10.84. Ni chini ya -7, tuko salama.

Kwa kilomita 30 mambo hubadilika. Upotevu wake, kwa hesabu ileile, ni kama 9.5. ZR inaweza kufikisha -5.5, nayo imezidi. ER inafika, ila inabakiwa na akiba ya 1.6 tu, ambayo mimi naiona finyu. Hapo huchukua ZR na kuweka kipunguza mwanga cha desibeli 5 upande wa kupokea. Kinawekwa pande zote mbili, kila kimoja mbele ya kipokezi chake. Usijaribu moduli za mbali mezani kwa kuziunganisha kwa kebo fupi bila kipunguza mwanga, hata kwa dakika moja.

Hatua ya 5: Mtawanyiko

Mwanga wa kutosha bado si kila kitu. Kwenye 1550, faiba ya G.652 hutawanya mapigo kwa takriban pikosekunde 17 kwa kila nanomita na kila kilomita. Kwa kilomita 80 ni 1360, na ZR ya giga 10 kwa kawaida huvumilia 1600. Kwa giga 1 usijisumbue na hesabu hii. Kasi ikipanda mara kumi, uvumilivu hushuka mara mia, na ndiyo sababu moduli za giga 100 kama LR4 na ER4 zimerudi karibu na 1310, ambako mtawanyiko ni mdogo, japo upotevu ni mkubwa zaidi. Ukihitaji giga 100 kupita kilomita 40, usinunue kwa mazoea: angalia ZR4 au moduli za kohirenti (zinazosoma pia awamu ya mwanga, si nguvu yake tu), na rudia hesabu ya mwanga kwa namba zake.

Hatua ya 6: Faiba mbili au moja

Ukiwa na uzi mmoja tu, tumia BiDi, moduli zinazorusha na kupokea kwenye uzi huohuo. Zinakwenda kwa jozi: kwa giga 10, moja hurusha 1270 na kupokea 1330, mwenzake kinyume chake. Agiza upande A na upande B. Zikifanana hazitaongea, na utatafuta hitilafu isiyokuwepo. Zikihitajika njia nyingi juu ya uzi uleule, ingia kwenye CWDM (kupitisha rangi kadhaa za mwanga kwenye uzi mmoja), lakini ongeza upotevu wa vichanganyishi kwenye hesabu ya hatua ya tatu.

Hatua ya 7: Je, swichi itaikubali?

Swichi nyingi husoma msimbo ulioandikwa ndani ya moduli na kukataa isiyoutambua. Mwambie muuzaji modeli ya swichi ya kila upande. Si lazima zifanane. Uliza pia wati. LR hula chini ya 1, ZR huweza kufika 1.5, na baadhi ya swichi huruhusu moduli za aina hiyo kwenye matundu machache tu.

Hatua ya 8: Safisha, chomeka, soma

Angalia rangi. Moduli hutaka konekta ya bluu; kama kabati lina za kijani, ambazo ncha yake imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, tafuta kebo yenye kijani upande mmoja na bluu upande wa pili. Usizilazimishe kukutana.

Kisha safisha kila ncha, hata ile iliyotoka kwenye mfuko sasa hivi. Kiini cha faiba kina mikroni 9 hivi, punje moja ya vumbi inakifunika. Chungulia kwa darubini ya faiba, safisha, chungulia tena. Usichungulie kamwe ncha iliyounganishwa na moduli inayowaka: mwanga huo hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Chomeka, fungua DDM, yaani usomaji wa mwanga na joto ambao moduli hujipima yenyewe, linganisha na hesabu yako. Kirushi kinasema +1.8? Basi tegemea karibu -13 upande wa pili. Ukikuta -19, desibeli 6 zimeenda mahali, na kwa uzoefu wangu mahali hapo ni konekta chafu au kebo iliyobanwa na mlango wa kabati. Usikubali kwa sababu taa ya kijani imewaka.

Ukiridhika, andika Tx (mwanga unaorushwa), Rx (unaopokelewa), joto na tarehe za pande zote mbili, ubandike nakala ndani ya kabati. Rudi baada ya wiki usome tena. Rx ikiwa imeshuka kwa zaidi ya desibeli 2, toa OTDR kwenye begi kabla mteja hajapiga simu.