Dhoruba ikikukuta ziwani kwenye mtumbwi, fanya hivi

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa, wachuuzi wa samaki, na wewe unayevuka kwenda visiwani kwa boti ndogo, maana kila msimu wa mvua tunazika watu ambao wangeweza kurudi nyumbani na inauma sana.

Kwanza ujue kwanini ziwa linachafuka usiku. Jua likizama nchi kavu inapoa haraka ila maji yanabaki na joto, basi upepo unatoka pande zote za nchi kavu unaelekea ziwani, unakutana huko kati, unapanda juu na kutengeneza mawingu ya radi. Ndio maana mchana unaweza kuwa shwari kabisa af saa nane usiku watu wanalia. Na sisi wa dagaa ndio tuko huko kati na taa zetu usiku wa giza!

Kwahiyo kabla hujasukuma mtumbwi sikiliza utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), wanatoa hadi wa ziwa. Mwambie mtu pale mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Simu iweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, namba ya dharura ni 112. Beba kasia hata kama una injini, beba na ndoo ya kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje ya mtumbwi, uifunge kamba isije ikachukuliwa na wimbi.

Jaketi la kuokolea. Jamani wengi wanalikalia kama mto! Vaa ukiwa bado nchi kavu, funga mikanda yote, halafu mwambie mwenzio alishike mabegani alivute juu, likipanda mpaka masikioni bado limelegea, kaza tena, maana majini litakuvuka kichwani. Ukisema utavaa dhoruba ikija hutaweza, mikono itakuwa inashika kasia na kufua maji.

Ukiona wingu jeusi linasimama, au upepo wa baridi ghafla, usingoje umalize kutoa wavu. Ukiona umeme hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1, ikiwa sekunde 30 au pungufu radi iko karibu mno. Kimbilia nchi kavu iliyo karibu, hata kama sio kwenu, hata kama dagaa wataharibika. Kata wavu ikibidi. Najua wavu ni hela na pengine ni wa mkopo, lakini kata.

Ikikukuta katikati watu wote wakae chini sakafuni, katikati, asisimame mtu. Punguza mwendo, omo (mbele ya mtumbwi) ilielekee wimbi kwa mshazari kidogo, usiruhusu likupige ubavuni, hapo ndo mitumbwi mingi inapinduka. Mmoja anaongoza, mwingine anafua maji bila kupumzika. Mzigo mzito tupa.

Injini ikizima, funga ndoo kwa kamba ndefu pale omo uitupe majini, ikijaa maji inavuta na kuifanya omo ibaki inatazama upepo, wavu uliokunjwa nao unafanya kazi hiyo hiyo. Usikimbilie ufukwe wa mawe wakati mawimbi yanavunjika pale.

Mkipinduka, ng'ang'ania mtumbwi. Wa mbao mara nyingi unaelea hata ukijaa maji, na anayewatafuta ataona mtumbwi kabla ya kichwa cha mtu. Usiogelee kufuata taa za ufukweni, usiku zinaonekana karibu kumbe ni mbali mno. Vua gambuti, shika dumu tupu lililofungwa mfuniko, kumbatianeni, watoto katikati ili joto lisitoke mwilini haraka. Boti ya kuwaokoa ikifika msiivamie wote upande mmoja, mtaipindua nayo, mmoja mmoja, watoto na waliochoka kwanza.