Kabla hujapanda basi la Loliondo: kutafuta faili la kesi na karatasi za polisi

Wengi wanaonipigia simu wakitaka nakala ya hukumu au RB ya zamani (kumbukumbu ya taarifa iliyoandikishwa polisi) huwa wameshakata tiketi. Wao wako Arusha mjini, kesi ilikuwa Ketumbeine au Digodigo, basi wanaona safari ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nakaa Ngarenaro, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kufuatilia makaratasi ya namna hii Longido, Monduli na Ngorongoro, mara mojamoja upande wa Same. Ninachowaambia wote ni kimoja: nauli iwe ya mwisho. Kwanza ujue namba, mwaka, na mahali faili lilipo kwa sasa, maana karatasi za kesi huhama kama ng'ombe wa kiangazi. Ukilifuata faili pale tukio lilipotokea, mara nyingi utakuta lilishaondoka zamani.

Tuanze na polisi. Tukio likiripotiwa kituo kidogo cha kijijini, askari analiandika kwenye daftari la taarifa, na mlalamikaji anapewa kile kikaratasi chenye muhuri: herufi za kituo, halafu RB, namba, na mwaka. Hiyo ni bure, na PF3, ile fomu ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo kwa daktari, ni bure pia. Lakini kituo kidogo kinabaki na daftari tu. Uchunguzi ukianza, jalada linafunguliwa, linapata namba nyingine yenye herufi IR, na linakaa chini ya mkuu wa upelelezi wa wilaya, yule askari wanayemwita OC-CID. Likishakamilika linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na likifika mahakamani linapewa namba ya kesi. Tukio moja, namba tatu. Ukiwa na moja tu kati ya hizo, nyingine zinatafutika: hati ya mashtaka iliyoko mahakamani huwa na namba ya polisi, na rejista ya polisi huandikwa kesi imepelekwa mahakama gani.

Kama huna hata moja, tafuta tarehe. "Mwaka juzi wakati wa mvua" haimsaidii askari mwenye madaftari marefu mbele yake. Kaa na familia mkumbushane: ilikuwa kabla au baada ya Pasaka, siku ya mnada au kesho yake, mtoto alikuwa darasa la ngapi. Karatasi ya hospitali ni msaada mkubwa, kwa sababu aliyeumizwa alitibiwa siku hiyohiyo au kesho yake na tarehe imeandikwa. Ukiweza kuibana ndani ya wiki moja, umeshafanya nusu ya kazi.

Halafu majina. Ukienda masijala ya Longido ukasema unatafuta kesi ya Laizer, karani atakutazama tu, maana nusu ya rejista ni akina Laizer, Mollel na Kivuyo. Ni kama kwenda Rombo ukauliza Shirima. Andika majina yote aliyokuwa akiyatumia mhusika: la ubatizo, la nyumbani, la baba, la ukoo, na namna zote yanavyoweza kukosewa. Askari aliyetoka mkoa mwingine aliandika alivyosikia. Nimewahi kukuta mzee mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu ndani ya faili moja, na benki ikakataa hukumu yake kwa sababu hiyo.

Polisi hawatakupa kila kitu, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kubishana na mtu kaunta. Jalada la uchunguzi halitolewi kwa raia. Unachoweza kuomba ni uthibitisho kwamba taarifa yako iliandikwa, RB namba ngapi, jalada liko hatua gani, na taarifa ya ajali kwa ajili ya bima. Maelezo ya mashahidi njia yake ni mahakamani: mshtakiwa ana haki ya kupata nakala ya maelezo ya mlalamikaji aliyetajwa kuwa shahidi, na anaiomba kwa hakimu. Kuhusu PF3, ushauri wangu ni mfupi: ikishajazwa na daktari, itoe kopi kabla hujairudisha kituoni.

Namna ya kuomba nayo ina uzito. Fika asubuhi, si saa ya kubadilishana zamu. Mimi husema hivi: "Afande, habari za kazi. Samahani, nafuatilia taarifa ya mama huyu, iliandikwa hapa tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Kikaratasi kilipotea nyumba ilipoungua. Tunaomba tu namba." Neno "tunaomba namba" hufungua daftari. Ukisema "nataka faili", utaambiwa mkubwa hayupo. Ukikwama hapo, mwone mkuu wa kituo, halafu OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, halafu ofisi ya kamanda wa mkoa, na kuanzia ngazi ya pili iwe kwa barua. Masuala ya ukatili wa kijinsia au mtoto yapeleke moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto.

Mahakamani kuna nafuu, kwa sababu shughuli za mahakama kwa kawaida ni za wazi. Isipokuwa kesi za watoto na zile za ukatili wa kingono, ambazo majina yake hulindwa, hukumu si siri ya mtu. Swali ni mahakama ipi. Mambo mengi ya kijijini, yaani madeni, mifugo, talaka, mirathi na ugomvi, huanzia Mahakama ya Mwanzo. Juu yake kuna Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Arusha na nyingine Moshi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Mtu akikata rufaa, faili la chini hupanda. Ndiyo maana unaweza kusafiri mpaka Mahakama ya Mwanzo ya mbali ukakuta pengo kabatini, kumbe faili lilikwenda wilayani na halikurudi. Usikate tamaa kwa pengo hilo. Omba karani akusomee rejista: ni daftari pana lenye namba ya shauri, tarehe ya kufunguliwa, majina, aina ya dai, tarehe ya uamuzi, na pembeni kabisa, mara nyingi kwa kalamu ya rangi nyingine, maneno kama "limepelekwa Wilaya kwa rufaa" na tarehe. Mstari huo mmoja ndio unaokuambia safari inayofuata ni ya wapi.

Kabla ya kwenda, uliza pia siku ambazo hakimu anakaa. Sehemu za mbali hakimu mmoja anaweza kuwa na mahakama mbili, na asipokuwepo hakuna wa kusaini nakala. Piga simu mahakama ya wilaya, au mwombe mwenyekiti wa kijiji apite akuulizie. Kesi zilizofunguliwa miaka ya karibuni ziko kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo karani anaweza kuitafuta bila kufungua kabati. Aliye Arusha mjini aanzie Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kilichozinduliwa mwaka 2021 na kuweka ngazi kadhaa za mahakama chini ya paa moja. Na kama shauri lilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, hukumu nyingi ziko wazi mtandaoni kwenye TanzLII, bure. Andika jina la mhusika mmoja na mwaka. Nyingi ni za Kiingereza, japo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Faili za Mwanzo zimekuwa za Kiswahili siku zote, utazisoma mwenyewe.

Barua ya maombi isizidi ukurasa. Hii hapa ya mfano:

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Mwanzo …

YAH: OMBI LA NAKALA YA HUKUMU NA MWENENDO, SHAURI LA MADAI NA. 14/2016

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtoto wa mdai katika shauri tajwa, lililoamuliwa mwezi Agosti 2016. Naomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na ya mwenendo wa shauri kwa ajili ya mirathi ya marehemu baba yangu. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji wa kijiji. Niko tayari kulipia gharama zinazohusika.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, halafu itunze. Ukirudi baada ya mwezi ukaambiwa "hatujaona barua yako", muhuri huo ndio utakaozungumza. Kama unamtuma mtu, mwandikie ruhusa na ipite kwa mtendaji. Na taja unachotaka hasa. Hukumu ni uamuzi na sababu zake. Mwenendo ni yote yaliyosemwa siku kwa siku. Ukitaka kukaza hukumu, yaani itekelezwe, omba na tuzo, ile amri fupi inayotokana na hukumu. Kwa mirathi, benki inataka fomu ya uteuzi wa msimamizi, na ndugu wanaolalamika kwamba msimamizi amekula mali waombe Fomu Na. 5 na Na. 6, ambamo msimamizi huorodhesha mali na kueleza alivyozigawa. Wengi hawajui kwamba fomu hizo zinatakiwa kuwepo kwenye faili. Zisipokuwepo, hiyo peke yake ni hoja ya kumpelekea hakimu.

Penye shida kuliko pote ni mabaraza ya kata. Mpaka mwaka 2021 mabaraza haya yalikuwa yakiamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3, wajumbe wanne hadi wanane, watatu wao wanawake. Baada ya marekebisho ya mwaka huo yanasuluhisha tu, na wasipoelewana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini maamuzi ya kale bado ndiyo msingi wa mipaka mingi, na karatasi zake hazikuwahi kuwa na masijala ya maana. Nyingine ziko kwenye kabati la mtendaji wa kata, nyingine kwenye sanduku la bati nyumbani kwa aliyekuwa katibu wa baraza. Kata moja ya Longido tulikuta daftari la mashauri limefungwa kwa kamba ya katani pamoja na risiti za mchango wa madawati, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini uamuzi tuliokuwa tukiutafuta ulikuwepo na sahihi zote, mjumbe mmoja ameweka dole gumba. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji kwanza, na akikuambia hakuna kitu, muulize katibu alikuwa nani na anaishi kitongoji gani. Mtafute mzee huyo kwa heshima, umwamkie, ukae, unywe chai. Daftari likipatikana, usilichukue mkononi ukaondoka nalo. Lirudi ofisi ya kata, mtendaji atoe kopi na kuigonga muhuri, la sivyo upande wa pili watasema mmeliandika wenyewe. Kama shauri lilikatiwa rufaa, kopi inaweza kuwa kwenye Baraza la Wilaya, na huko mambo ni rahisi zaidi.

Angalieni siku. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kwa rufaa inayotoka Mwanzo si lazima kuambatanisha nakala ya hukumu, kwa hiyo msikae mkisubiri karani achape huku siku zinaisha. Peleka rufaa, nakala itafuata.

Malipo yote ya serikali hutoka na namba ya malipo unayolipia kwa simu au benki, na stakabadhi inakuja. Hela ya soda haina stakabadhi. Ukibanwa, andika tarehe na saa, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayozitaka ofisi za umma kujibu ombi la raia ndani ya siku 30, ingawa haigusi taarifa zinazoweza kuvuruga upelelezi. Usiitaje dirishani siku ya kwanza, watu hununa. Iweke kwenye barua ya pili.

Nakala ikitoka, usiondoke dirishani. Hesabu kurasa, angalia kama namba ya shauri ni ileile kila ukurasa, muhuri na sahihi vipo, na majina yako yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kosa la herufi likionekana hapohapo, karani anarudi nalo kwa hakimu saa hiyohiyo. Ukiligundua ukiwa umeshafika Mto wa Mbu, ni barua mpya na nauli mpya.