Mazungumzo Yakikwama: Namna ya Kuyaandika kwa Kiingereza

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, tunakaa kikao kwa Kiswahili, kisha muhtasari unaandikwa kwa Kiingereza. Dereva aliyetoka Mombasa, wakala wa forodha wa Tororo na mwenye malori wa Kampala hawana lugha nyingine ya kukutania. Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, ila mafaili ya ofisini bado yanasoma Kiingereza tu. Kwa hiyo mimi katibu ndiye ninayebaki na kazi ya kuligeuza neno "tumekwama", nalo husemwa karibu kila kikao.

Makatibu vijana wanaokuja kujifunza kwangu wote wana dawa moja: "impasse". Wameliona magazetini, linang'aa, wanalibandika kila mahali. Neno lenyewe ni zuri. Tatizo ni kwamba linaficha mtu.

Kabla ya kushika kalamu jiulize: ni nani hasogei? "Impasse" ni malori mawili yaliyokutana uso kwa uso kwenye daraja jembamba, kila dereva akimwambia mwenzake arudi nyuma. Kama lori moja limezimwa na dereva wake yuko kibandani anakunywa chai, hiyo siyo "impasse". Huyo amegoma, na muhtasari useme amegoma.

Chukua mazungumzo ya Juba kati ya serikali yetu na LRA, waasi wa Joseph Kony, yaliyoanza Julai 2006 chini ya usuluhishi wa Riek Machar, wakati ule makamu wa rais wa serikali ya Sudan Kusini. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imekwisha kutoa hati za kumkamata Kony na makamanda wake mwaka 2005. LRA wakasema hati ziondolewe kwanza ndipo watie saini. Serikali ikasema saini kwanza, mambo ya hati baadaye. Pande mbili, kila moja na sharti lake, na masharti hayo hayawezi kutangulia yote. Hapo andika bila wasiwasi: "The talks reached an impasse over the arrest warrants."

Lakini Aprili 2008, pale Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan Kusini na Kongo, watu walikusanyika, mkataba ukiwa tayari, na Kony hakutokea. Ukiandika "there was an impasse" kuhusu siku ile umemfanyia hisani asiyeistahili. Sentensi yake ni hii: "Kony failed to turn up to sign." Ina mtu, ina kitendo. Atakayesoma faili miaka kumi baadaye atajua nani alifanya nini.

Vivyo hivyo kwenye kikao chetu. Wenye malori wanataka malipo ya siku za kusubiri yalipwe na mawakala, mawakala wanasema ni juu ya mwenye mzigo, na mwenye mzigo naye hajaitwa: "The owners and the agents are at an impasse over waiting charges." Ila kama mawakala wameondoka kabla ajenda haijafika, andika "The agents left before the item was discussed". Watakasirika, na kwenye kikao kijacho watafika mapema.

Sasa sarufi. Neno linahesabika, kwa hiyo lipe "an", si "a", wala usiliache uchi. Vitenzi vyake ni vichache: mnafika, "reach an impasse", mko ndani yake, "be at an impasse", mnautoka, "break" au "resolve the impasse". Jambo linalogombaniwa hufuata "over" au "on", na wagombanaji hufuata "between". Halina kitenzi: nimekutana na "the meeting was impassed" kwenye barua yenye mhuri, na mhuri haukuisaidia.

Ukitaka kitenzi, kichukue kwa "deadlock". "The committee deadlocked" inakubalika, na "a deadlocked committee" pia. Hili linaweza hata kusimama bila "a": "The vote ended in deadlock." Mimi nalipenda zaidi pale penye kura, sita kwa sita, na mwenyekiti hana kura ya uamuzi. Mtangazaji wa mpira akisema mchezaji fulani "broke the deadlock", ana maana bao limeingia na sare imevunjika, mara nyingi sare ya bila kwa bila. Usilisome hilo kama habari ya mazungumzo.

"Stalemate" limetoka kwenye sataranji, mchezo uliomtoa msichana wetu Phiona Mutesi mtaa wa Katwe, Kampala, ukamzungusha dunia. Mchezaji ambaye ni zamu yake hana hatua halali hata moja, lakini mfalme wake hajatishiwa: mchezo umekwisha, sare. Yapo mawili ya kuzingatia hapo. Kwanza, hali hii hukaa. Haiishi na kikao. Mpaka wa Gatuna, kati yetu na Rwanda, ulifungwa Februari 2019, malori ya kwenda Rwanda yakaelekezwa kivuko kingine cha Mirama Hills, na haukufunguliwa tena rasmi hadi tarehe 31 Januari 2022. Uhusiano wa Kampala na Kigali kwa kipindi kile unastahili "a long stalemate". Pili, kwenye sataranji anayezidiwa ndiye huitafuta sare hiyo, kwa sababu inamwokoa. Basi ukiandika "stalemate" angalia kama kuna upande unaofurahia jambo lisisogee. Upo mara nyingi kuliko tunavyokiri mezani.

Kwa foleni ya malori usitumie lolote kati ya haya. Foleni ni "queue", mizigo iliyolundikana ni "backlog", na barabara za Kampala zikifungana kila upande ni "gridlock", ingawa Mganda yeyote atasema "jam" na ataeleweka. Jambo lililoahirishwa kwa sababu akidi haikutimia ni "postponed", basi. Kuna kijana aliandika "impasse" kwa sababu umeme ulikatika.

Kuhusu kulitamka, ukisomewa muhtasari utasikia "ampasi" kwa waliosoma Kiingereza cha Uingereza na "impasi" kwa cha Marekani. Yote ni sawa. Ukitamkiwa tofauti na ulivyozoea, usimkatize msomaji, subiri afike kwenye "over" usikie kama ameandika mnagombania nini.