Somo: Minyoo wa ini kwa punda na farasi, anza na maji kabla ya sindano

Punda wa mkokoteni akianza kukonda, wengi wetu tunakimbilia sindano ya ivamektini. Wiki mbili zinapita, mbavu bado zinahesabika, anadungwa ya pili. Ivamektini huua minyoo wengi wa tumboni, lakini minyoo bapa wa ini haiwagusi. Kwa sisi wa Mwea, ambako punda anabeba mpunga mchana, anakunywa mferejini, na usiku anatafuna mabua ya mpunga huohuo, hao ndio wa kushuku mapema.

Hatua ya 1: Jua wanakotoka. Mnyoo mwenyewe ana umbo la jani. Fasciola hepatica, wa nyanda za baridi, ana sentimita 2 hadi 3. Wetu wa huku kwenye joto, Fasciola gigantica, anaweza kufika 7. Mayai hutoka na mavi ya ng'ombe, kondoo au punda. Yakipata maji huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na kinachotoka kina siku moja tu ya kumpata konokono, la sivyo kinakufa. Ndani ya konokono kimoja huzaa mamia. Hao hutoka, hujibandika kwenye nyasi, hujifunika ganda na kungoja kuliwa. Punda akiwameza hutoboa utumbo, hulichimba ini kwa wiki kadhaa, kisha hutulia kwenye mirija ya nyongo. (Kibofu cha nyongo usikitafute: punda na farasi hawana.)

Hatua ya 2: Tafuta konokono. Hatua hii watu huiruka, nami ndiyo niipendayo. Vaa gambuti, kwa sababu maji hayohayo yana kichocho. Funga kichungi cha chai kwenye fimbo, chota pembeni mwa mfereji ambako maji yanakwenda polepole. Shika ganda, ncha iwe juu na mlango ukutazame. Mlango ukiwa upande wa kulia, na ganda ni jepesi kiasi cha kupitisha mwanga, umempata Lymnaea, mbeba minyoo wa ini. Mlango ukiwa kushoto, huyo ni Bulinus, wa kichocho cha mkojo. Aliyejiviringa bapa kama kifungo cha koti ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Mrefu, mgumu, aliyechongoka kama skrubu, mwache. Hahusiki na ini.

Hatua ya 3: Pima mavi kwa njia inayofaa. Mayai ya minyoo wengi huelea kwenye maji ya chumvi. Ya minyoo wa ini ni mazito, huzama. Maabara wakikuambia "hana kitu", uliza: mmeelesha au mmezamisha? Njia ya kuzamisha ni kukoroga mavi na maji, kuchuja, kuacha yatulie, kumwaga maji ya juu, na kurudia mpaka yawe meupe. Kisha hutiwa tone la rangi ya bluu. Chini ya hadubini uchafu wote unakuwa bluu, mayai yanabaki rangi ya dhahabu. Hata hivyo farasi anaweza kudanganya: mwili wake huwazuia minyoo wengi wasikomae, kwa hiyo ini linaweza kuwa limeumia na mavi yakawa safi. Hapo daktari atapima damu aone vimeng'enya vya ini.

Hatua ya 4: Dawa. Hapa naomba mnisikilize. Ile dawa ya maji ya ng'ombe yenye levamisoli na oksiklozanidi usimnyweshe punda. Kwa punda na farasi, kipimo cha levamisoli kinachotibu kiko karibu mno na kinachodhuru. Punda wa kilo 130 si ndama wa kilo 130. Dawa inayoua hata minyoo wachanga ni triklabendazoli, lakini lebo yake imeandikiwa ng'ombe na kondoo, kwa hiyo kipimo atatoa daktari wa mifugo, si muuza duka.

Hatua ya 5: Maji na mabua. Mnyweshe kwa debe au karai, mbali na mfereji. Mabua kata juu, kwa kuwa minyoo hujibandika sehemu ya chini iliyokuwa majini, kisha yaanike yakauke kabisa. Mavi yarundike yachemke kwa joto lake mwenyewe kabla ya kuyapeleka shambani.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutus: *Mwalimu, punda wangu amekutwa na mayai lakini anavuta vizuri tu. Nimtibu?*
Mtibu, ndugu yangu. Punda anaweza kuonekana mzima huku akimwaga mayai mferejini, na ng'ombe wako ndio watakaolipa.

Ngurubani: *Nikila ini lenye minyoo nitaambukizwa?*
Hapana. Mtu huambukizwa kwa kula mboga za majini zikiwa mbichi au kunywa maji yenye vile viganda. Lakini ini lenye minyoo mkaguzi wa nyama atalikataa, na usimbembeleze.

Nyahururu: *Huku hakuna mpunga, nina farasi wawili tu. Nihofie nini?*
Hofia tope. Konokono wa hepatica ni mdogo, hafiki hata sentimita moja na nusu, na anaridhika na alama ya kwato iliyojaa maji. Angalia kuzunguka hori la maji: bomba likivuja hapo, umemjengea nyumba. Lizibe, mwaga kokoto.

Kimbimbi: *Nimwage sumu ya konokono mferejini tumalize kazi?*
Usithubutu. Itaua samaki, na walio chini yako wanachota hapohapo. Fuga bata. Anamla konokono na wewe unapata mayai.

Kimbimbi tena: *Bata atakula na mpunga je?*
Mpunga ukianza kutoa masuke, mfungie.