Themostati ya jalidi kwenye boila: kosa la waya wa chungwa lililonila Jumamosi nzima

Shemeji yangu hapa Leicester ana boila ya gesi iliyofungwa gereji, kwenye ukuta wa tofali moja, na Desemba anapeleka familia Tanga wiki tano. Nimemfungia themostati ya jalidi, ile inayoliwasha joto hata saa ya boila ikiwa imezimwa, ili mabomba yasigande yakapasuka.

Maelezo haya ni ya mfumo kama wake: boila, tangi la maji moto, na vali mbili za mota, moja ya redieta na moja ya tangi. Mwenye kombi (boila isiyo na tangi) asome kitabu cha boila yake kwanza. Kombi nyingine sehemu yake ya kuunga themostati ni ya volti 24, na ukiipelekea 230 umeunguza bodi.

1. Zima. Swichi ya fyuzi ya boila (fyuzi ampea 3) izime, chomoa fyuzi, tia mfukoni. Pima kwa tesita ya ncha mbili, nayo uijaribu penye umeme kabla na baada ya kupima. Bisibisi yenye taa ndogo ya kupimia umeme usiniletee. Kifuniko cha boila ya gesi usikiguse, hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, rejista ya mafundi gesi ya hapa Uingereza. Sisi tunaishia kwenye boksi la nyaya.

2. Funga themostati mbili. Ya jalidi ukutani penye baridi, mbali na boila, iweke nyuzi 5. Ya bomba ibane juu ya bomba la maji yanayorudi kwenye boila, mlemle gereji, iweke 25.

Hii ya pili watu huiacha ili kuokoa pesa. Joto la boila linakwenda kwenye redieta za ndani, gereji inabaki baridi vilevile, kwa hiyo themostati ya jalidi peke yake itaendesha boila usiku kucha. Ya bomba inaizima boila maji ya kurudi yakishapata uvuguvugu.

3. Unga kwa kufuatana. Moto wa kudumu (waya wenye umeme wakati wote) uingie themostati ya jalidi, utoke uingie ya bomba. Ya bomba mara nyingi ina matundu matatu. Tafuta kwa mita lile linalopitisha bomba likiwa baridi. Ukikosea hapo, mfumo hautawaka mpaka bomba liwe moto, yaani hautawaka kabisa. Waya wa buluu ukiutumia kubeba moto, uzungushie utepe wa kahawia. Na viunganishi natumia Wago tu, vile vya skrubu nimeshavitupa.

4. Pa kuupeleka moto unaotoka themostati ya bomba. Hapa ndipo nilipoliwa siku, miaka kadhaa iliyopita, nyumbani kwangu mwenyewe.

Vali ya redieta ina nyaya tano: kahawia, buluu, kijani na njano, kijivu, na chungwa. Chungwa ndiyo inayoiambia boila iwake. Nikajisemea, si nataka boila iwake? Nikaunga kwenye chungwa. Boila ikawaka kweli, ikaanza kugonga kama mtu anapiga debe, ikajikata kwa joto kupita kiasi. Nikaisubiri ipoe, nikairudisha, ikagonga tena. Nikashuku pampu, nikatoa hewa kwenye redieta, nikapiga simu watu wawili. Jioni ndipo nilipogusa vali zote mbili na kukuta zimefunga. Boila ilikuwa inachemsha maji yasiyo na pa kwenda.

Unga kwenye kahawia ya vali ya redieta, pale pale unapofika waya unaotoka themostati ya sebuleni. Mota inafungua vali, vali ikishafunguka swichi yake ya ndani inaunganisha kijivu, wenye moto wa kudumu, na chungwa, na hapo ndipo boila inawaka, maji yakiwa na njia.

Angalizo: moto huo wa kudumu utoke kwenye swichi ileile ya fyuzi ya boila, kamwe si soketi ya jirani. Fundi wa kesho atazima swichi moja akiamini kila kitu kimekufa, na kahawia ile bado ina 230.

5. Jaribu. Rudisha umeme, saa ya boila ikiwa imezimwa. Zungusha ya jalidi kupanda mpaka ilie «ta». Vali itanguruma kidogo, boila itafuata, na redieta zitaanza kupata joto. Bomba likifika 25 boila inazima. Irudishe 5.

Kumbuka bomba la plastiki linalotoa maji ya boila nje: themostati haililindi. Livishe sponji, na likiganda limwagie maji ya vuguvugu, si ya kuchemka.

Kwa shemeji nilibandika karatasi juu ya swichi ya fyuzi: «USIZIME HATA UKISAFIRI». Mwaka jana yeye ndiye aliyezima kila swichi ya nyumba kabla ya kwenda uwanja wa ndege.